Barua Zilizokatwa Vichwa

Ko! Ko! Ko!

Hapo ndipo tulipomwacha Hortense Jumamosi iliyopita, msomaji wangu: nyuma ya mlango wa sekretaria ya Papa Urbain, ile ofisi ya kupiga barua, katikati ya mji wa Likasi, mkono juu ya komeo, roho juu. Meza ya kompyuta ilikuwa tupu kwa kuwa kompyuta ilikuwa imeuzwa siku tatu nyuma. Na huko nje sauti asiyoijua ilikuwa imetamka maneno yaliyotunyima usingizi wiki nzima:

"Fungua, mademoiselle. Niko na barua zako zote."

Zote! Na Hortense alikuwa amezifuta zote kwa mkono wake mwenyewe.

Alifungua.

Alimwona kijana mrefu, mwembamba, mwenye vumbi jekundu la barabara ya Kambove hadi kwenye kope. Alikuwa ameshika baiskeli. Nyuma ya baiskeli, imekazwa kwa vipande vya mpira wa gari, ilikuwa ile kompyuta yenyewe. Kioo chake kilikuwa mbele, kimeviringishwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga anayepelekwa kupimwa uzito.

"Jambo, mademoiselle. Minye ni Philippe, teknisien wa Kambove. Kwetu courant, umeme, haiko tangu jana. Banasema hapa kwenu iko."

"Iko mpaka midi, saa sita, tu. Nani alikutuma?"

"Patron mwenye kununua mashini. Niingie? Miguu yangu inasema niingie."

Aliingia.

Kwa wale ambao wiki jana hawakupata gazeti, au walilipata likiwa tayari limefungiwa karanga, tuseme kwa ufupi. Papa Urbain alikuwa na chumba kimoja, kompyuta moja na kijana mmoja msomi, naye ni huyu Hortense. Watu wa Likasi walikuja kutamka barua zao, Hortense akapiga chapa, Papa Urbain akapokea pesa. Siku karatasi ilipokuwa ghali kuliko barua, Papa Urbain akaamua kuuza mashine. "Tuifute kwanza," alisema. Basi kila mmoja akaifuta kwa namna yake. Papa Urbain aliifuta kwa kitambaa na tone la mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, hata vitufe vikateleza na kunukia maharage ya Jumapili. Hortense aliingia ndani yake, akaamuru kila faili itoweke.

Kila faili, wasomaji. Katika bidii hiyo alifuta pia mémoire yake, sura tano za kumaliza masomo, kuhusu wazazi wa Likasi wanaolipa walimu baada ya serikali kusahau kwamba inao. Miaka miwili ya kazi, na disketi hakuwa na hata moja. Alilia, mlimwona. Lakini alijifariji kwa jambo moja: kama sura zake zimekufa, basi na siri za watu zimekufa pamoja nazo.

Sasa mgeni huyu alitoa karatasi mfukoni na kuikunjua juu ya meza tupu.

"Soma."

Hortense alisoma. ?ATHIEU. ?ARCELLI. ?MMANUEL. ?IVIANE.

Alikuwa akiipa kila barua jina la mwenyewe, na mashine haikubali zaidi ya herufi nane, ndiyo maana Mama Emmanuella alikuwa amegeuka mwanamume. Lakini hizi!

"Nani amewakata vichwa?" aliuliza.

"Mashini. Weye unafikiri umefuta, kumbe yeye anakata tu herufi ya kwanza. Mwili anauacha palepale ulipolala. Ni kama mutu anabandua namba ya mulango, halafu anasema nyumba haiko."

Hortense aliketi bila kutafuta kiti. Kwa bahati kiti kilikuwapo.

"Unataka kusema barua ziko?"

"Ziko zinapumua. Unampa kichwa chake, anafufuka." Philippe alitoa ndani ya shati kitabu kisicho na jalada. "Lakini mashini inauliza: andika herufi ya kwanza. Na ukikosea? Angalia hapa. Kitabu kinasema, ukiandika herufi ya uongo…"

"Halafu?"

"Halafu tundu. Muchwa walikula ukurasa."

"Kwa hiyo hujui."

"Nafikiri inafunga milele. Muchwa hawawezi kula bule fasi yenye maneno ya kawaida." Aliweka kidole mwisho wa orodha. "Jina ya mutu ninaweza kukisia. Mathieu ni Mathieu. Lakini patron anataka hii kwanza, ya mwezi wa tatu mwaka jana, na hii njo inanishinda. Ni nini? Jambo? Mambo? Tambo?"

Kidole chake kilikuwa juu ya ?AMBO.

Hortense alijua. Kambo! Na nani mwingine angeweza kuwa? Huku kwetu kambo ni bibi, mama wa mama au mama wa baba, na Hortense alikuwa akimwita hivyo Simone, mzee mfuaji wa mashuka wa zahanati ya kambi moja ya wafanyakazi kule Panda. Kambo Simone alikuja siku hiyo na barua kichwani, maana kuandika hakujui. Ilikuwa barua bila jina, ya kumwambia mkubwa wa kampuni jinsi mtunza dawa alivyokuwa akiuza kinini ya wagonjwa, ile dawa ya malaria.

Kabla ya kuondoka mzee yule aliitazama kompyuta kwa mashaka.

"Mwana, hii mashini iko na mudomo?"

"Hapana, Kambo."

"Iko na maskio?"

"Hapana. Na nitaifuta barua yako, hakuna mutu ataiona. Nakuahidi."

"Haya. Mutoto wa masomo hasemi uongo."

Hortense akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Patron yako anaitwa nani?"

"Papa Arsène wa Panda. Mutu muzuri! Anatafuta barua ya urithi ya familia yake, mashini akainunua bila kukata bei. Anakuya hapa mbele ya midi."

Arsène! Mtunza dawa mwenyewe!

Mlikuwa mnadhani amekwisha? Barua ilimwondoa zahanati, ni kweli. Lakini hii ni miaka ambayo mtu akianguka kutoka kiti kidogo huangukia kikubwa. Miezi minane baadaye Arsène alikuwa mwenyekiti wa komite ya nyumba katika kambi ileile. Kalamu yake ndiyo ilisema nani anabaki na nani anatoa vitanda vyake nje. Wafuaji, wapishi, walinzi, wote walimsalimu kwa mikono miwili. Na alikuwa ameapa mbele ya kanisa zima, siku ya shukrani ya cheo chake, kwamba amemsamehe aliyemwandikia, na kwamba anataka tu kumjua jina.

Kambo Simone alikuwa akiishi katika nyumba moja ya kambi ile na wajukuu wanne.

"Mademoiselle, unaumwa?"

"Hapana. Joto tu."

"Basi sikia. Mi sipendi kitu cha bule." Philippe aligeuza karatasi. "Hizi njo zako?"

?EMOIRE0. ?EMOIRE1. ?EMOIRE2. ?EMOIRE3. ?EMOIRE4. ?EMOIRE5.

Hortense alishika karatasi kwa mikono miwili.

"Ni mémoire yangu," alisema, na sauti ilitoka ndogo sana.

"Basi tufanye bintu bizuri. Weye unanipa kichwa cha ?AMBO, mi nakufufulia zote hizi. Disketi iko moja hapa, nitakupa. Nilikuwa mi pia mwanafunzi, na sikumaliza."

Alisema hivyo bila hila yoyote, na hiyo ndiyo iliyouma. Mwovu angekuwa rahisi kukataliwa.

Waliwasha mashine. Ilikohoa, ikapiga kelele ya kinu cha mahindi, ikaamka. Philippe alianza na ?EMOIRE0. Mashine iliuliza kwa Kifaransa chake cha ofisini: herufi ya kwanza? Hortense aliandika M. Mashine ilisaga, ikasaga, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Walingoja muda wa kupika chai. Mwishowe kioo kikajaa.

Ilikuwa ni ukurasa wa shukrani. *Kwa baba yangu, aliyesoma hadi darasa la tatu na kunifundisha hadi la mwisho.* Hortense alicheka, machozi yakakipita kicheko.

"Umeona?" Philippe alifurahi kuliko yeye. "Bado tano. Lakini kwanza ile ya patron, atanifokea. Herufi?"

Ndipo Hortense alipopata wazo, na wazo lenyewe lilimjia likiwa limevaa nguo za malaika. Kichwa cha uongo kinafunga milele, si ndivyo kitabu kilivyosema pale mchwa walipoanza? Atoe herufi ya uongo! Barua ya Kambo Simone ifungwe hadi kiama, Arsène aondoke mikono mitupu, Philippe asilaumiwe, na sura tano zirudi nyumbani. Ahadi imetimia, mémoire imepona. Mungu gani huyu anayepanga vizuri hivi?

"X," alisema.

"X? Xambo? Ni Kiswahili ya wapi hiyo?"

"Ni… kodi ya biro, alama ya siri ya ofisi."

"Ah. Kodi." Philippe alitikisa kichwa kwa heshima. Aliandika X.

Mashine ilisaga. Hortense alifumba macho, akangoja mlio wa kufuli.

Mlio haukuja. Mashine ilifungua barua kwa adabu zote, kama mlinzi anayefungulia geti gari la bosi. XAMBO. Haikujali kabisa! Kichwa cha mbuzi, kichwa cha kuku, kwake kilikuwa kichwa tu.

Na Philippe alikwisha anza kusoma kwa sauti:

"*Kwa Mukubwa wa kampani. Andika pole pole, mwana, usikimbie. Minye mwenye kufula mashuka ya ospitali, lakini usiandike vile, andika tu muntu moja wa Panda…*"

"Acha!" Hortense alipiga kelele.

Philippe hakuweza kuacha. Macho yake yalikuwa yameshikwa.

"*Kila siku ya ine ya juma Arsène anaweka makarto ya kinini chini ya mashuka yangu yenye uchafu, juu hakuna mutu anatia mukono mule, na motokari inayapeleka soko. Bagonjwa anabaambia kinini imekwisha. Niko nakohoa, hii usiandike. Batoto bane balikufa mwezi moja, niliwafulia mashuka mi mwenyewe. Jina yangu Simone usiliweke. Umeliweka? Ondoa.*"

Ndiyo, wasomaji. Ilikuwa wiki ya kwanza ya kazi ya Hortense. Alikuwa ametoka shuleni na bidii yake yote, na alikuwa amefundishwa kwamba mpiga chapa bora haongezi neno wala kupunguza. Aliandika kila kitu alichosikia, hata kikohozi. Karatasi iliyokwenda kwa mkubwa aliisafisha baadaye, ikawa safi na haina jina. Lakini ile ya kwanza, yenye jina na kikohozi, ilibaki tumboni mwa mashine.

Philippe alisogea mbali na kioo hatua moja.

"Papa Arsène aliniambia ni barua ya urithi," alisema Philippe mwishowe.

"Najua."

"Mwaka jana bibi yangu alilala zahanati ile ya Panda siku tatu. Nilipeleka kuku wawili. Walirudia neno moja tu: kinini imekwisha." Alifuta paji la uso kwa mkono, vumbi likachora mstari. "Mi nilimuombea huyu mutu cheo kanisani, mademoiselle. Nilipiga makofi."

"Bibi yako…?"

"Iko. Ila tangu homa ile maskio hayasikii tena vizuri."

Hortense alisimama. Saa ya ukutani ilisema midi bado kasoro dakika ishirini na tano.

"Tuifute."

"Utafuta namna gani? Umeshafuta mara moja, umeona. Kichwa chochote kinatosha. Leo nikikataa mi, kesho ataita mwengine, hata mutoto wa darasa la nne atabonyeza."

"Basi hakuna dawa?"

Philippe alikuna shingo. "Dawa iko moja. Mwili unakaa palepale mpaka mwengine aje alale juu yake. Kwa hiyo unajaza nyumba yote. Unaandika kitu, unaambia mashini ikinakili, na nakala yake, na nakala ya nakala, mpaka hakuna fasi hata ya sisimizi. Chochote kisicho na kichwa kinakanyagwa. Hapo hata muganga hafufui."

"Chote kisicho na kichwa?"

"Chote."

Waliangalia orodha pamoja. ?EMOIRE1. ?EMOIRE2. ?EMOIRE3. Nazo hazikuwa na vichwa.

"Kufufua sura moja ni dakika ngapi?"

"Uliona ile ya shukrani, ilikuwa ukurasa moja tu. Sura kubwa… dakika tano, sita. Mashini imechoka. Zote tano, nusu saa. Halafu kujaza, dakika kumi ingine."

"Labda tuanze na moja. Ya tatu. Ya tatu njo iko na maongezi ya wazazi wenyewe, nilitembea nyumba mia moja na…"

Mlango wa gari ulibamizwa nje. Sauti nene, tulivu ilisema:

"Papa Urbain! Jambo yenu!"

Arsène alikuwa amewahi!

"Papa Arsène! Jambo sana! Kwa nyumba banalala? Mama? Batoto? Na muguu ule wa kulia?" Ilikuwa sauti ya Papa Urbain, ambaye alikuwa ameketi kibarazani tangu asubuhi, na ambaye hajawahi katika maisha yake kumsalimu mtu kwa chini ya dakika kumi. Alikuwa hajui lolote, masikini, na hakuna malaika aliyewahi kufanya kazi nzuri zaidi bila kujua. "Na mashini? Uliona inavyong'aa? Mi mwenyewe niliipaka! Keti, keti kwanza, mambo hayakimbii!"

Dakika kumi. Zinatosha jambo moja, mawili hapana.

Hortense alitazama ?EMOIRE3. Ndani yake kulikuwa na mama mmoja wa mtaa wa Kikula aliyelipa mwalimu kwa maboga, na baba mmoja aliyelia akieleza, na hakuna hata mmoja ambaye Hortense angeweza kumkumbuka neno kwa neno. Diploma ilikuwa mle. Kazi Lubumbashi ilikuwa mle. Mutoto wa masomo alikuwa mle mzima mzima.

Wakati mwingine, msomaji, mwanadamu hupewa mtihani ambao ameshausoma, na bado anausoma upya.

"Jaza," alisema.

"Mademoiselle…"

"Jaza, Philippe! Kabla sijageuka mwenye akili!"

"Na nini? Nipe maandishi."

Aliandika kitu cha kwanza ambacho vidole vyake vilikijua bila kuuliza kichwa: Salamu Maria, kuanzia mwanzo hadi amina.

"Minye niko méthodiste," alisema Philippe.

"Leo utavumilia."

XAMBO ilirudishwa kaburini. Sala ikawa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Mashine ilinguruma. Kumi na sita. Thelathini na mbili. Nje Papa Urbain alikuwa amefika kwenye habari za shangazi. Mia. Elfu. Sala zilitiririka kama maji katika bonde, zikaingia nyumba ya Mathieu, ya Viviane, ya Mama Emmanuella, zikaingia kwa Kambo Simone zikafunika mashuka na kikohozi. Kisha zikaingia sura ya kwanza. Zikaingia ya pili. Hortense aliweka viganja juu ya mashine yenye joto, kama mtu anayemshika mgonjwa akichomwa sindano.

Zikaingia ya tatu.

"Philippe," alisema bila kugeuka. "Weye uliisoma. Kichwa chako hatuwezi kukijaza Salamu Maria."

"Hapana. Nafasi iko ndogo."

"Niahidi hutasema jina."

"Sitasema jina."

"Ahidi!"

"Nakuahidi, mademoiselle. Jina halitatoka kwa mudomo yangu."

Kioo kiliandika kwamba nafasi imekwisha. Na mlango ukafunguka.

Arsène alikuwa mtu wa kuvutia, lazima tuseme ukweli. Koti safi, viatu safi, tabasamu la mtu anayetembelea wagonjwa. Alikuwa na kijiti cha meno mdomoni.

"Binti yangu Hortense! Mi nasikia tu sifa zako. Basi, Philippe, nionyeshe."

Philippe alionyesha. Arsène aliinama, akasoma. Alisoma tena. Alishuka chini, kukawa na Salamu Maria. Alishuka zaidi, kukawa na Salamu Maria. Zilikuwa zaidi ya laki moja. Hakuna monasteri katika jimbo lote iliyosali vile kwa asubuhi moja.

"Hii nini?"

"Sala, Papa Arsène," alisema Hortense.

"Naona ni sala. Mi nilinunua sala?" Hakupandisha sauti, alihamisha tu kijiti upande wa pili. "Philippe. Barua yangu iko wapi?"

"Haiko tena, patron."

"Haiko tena." Arsène alilionja neno. "Tena. Kwa hiyo ilikuwako."

Ee Philippe! Sema haikuwako! Sema uliikuta tupu! Hortense alimwambia hivyo kwa macho, kwa nyusi, kwa vidole vya miguu ndani ya viatu. Lakini huyu alikuwa mtu ambaye hajawahi kujifunza kusema uongo, na asubuhi ile hakuna aliyempa somo. Hortense alikuwa amemwomba asiseme jina. Hakumwomba aseme hakuliona.

"Ilikuwako, patron."

"Ukaisoma?"

"Niliisoma."

"Na jina lilikuwa mule?"

Philippe alitazama sakafu, akatazama dirisha.

"Nimeahidi, patron," alisema.

Papa Urbain, mlangoni, alifungua mdomo na kusahau kuufunga. Arsène alitoa kijiti cha meno, akakitazama, akakitupa. Kisha alitabasamu, na tabasamu hili lilikuwa la kweli kabisa, la kwanza tangu aingie.

"Basi vizuri. Jina liko. Limehama tu fasi." Alimshika Philippe bega kwa upendo. "Mashini abaki nayo Papa Urbain, mi sihitaji tena. Dereva! Beba baiskeli ya huyu kijana, weka nyuma."

"Patron, baiskeli ni yangu. Njo ninafanyia kazi."

"Najua. Ndiyo maana inapanda motokari, isichoke. Na weye panda mbele, karibu yangu. Tunaenda kwenu Kambove, tunazungumza njiani. Utasema neno moja tu, nakuachia na baiskeli yako, na nafasi ya teknisien wa komite, na nyumba Panda. Neno moja! Watu banauza kwa bei ndogo kuliko hiyo."

"Na nisiposema?"

"Basi baiskeli itakaa kwangu mpaka ukumbuke. Na komite ya Kambove ni ndugu zangu."

Hortense alitoka mbio hadi barabarani. Alitaka kupiga kelele: sema, Philippe, jiokoe! Alitaka kupiga kelele: usiseme!

Baiskeli ilikwisha pakiwa, magurudumu juu. Mlango wa mbele wa camionnette, kigari cha mizigo, ulikuwa wazi, kiti kipya kinang'aa juani. Kambove iko zaidi ya kilomita ishirini, na jua lilikuwa utosini.

Philippe alikunja suruali hadi chini ya magoti, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Alimwinamia Papa Urbain. Kisha akaanza kutembea kando ya barabara.

Camionnette ilimfuata polepole, mlango wake ukiwa bado wazi, ikaenda naye sambamba, hatua kwa hatua, kama harusi.

"Panda, Philippe!" sauti ya Arsène ilisikika, tulivu. "Ni neno moja tu! Sema, upumzike!"

Na Hortense, aliyesimama katikati ya barabara, alimsikia mgeni wake akijibu bila kusimama, kwa adabu yake yote:

"Asante, patron. Nimezoea kutembea."